Kadi ya kliniki isiishie kliniki

Mtoto akining'inizwa kwenye mizani ya kliniki na nukta yake ikaangukia chini ya mstari, muuguzi humwita mama pembeni, humuuliza anamlisha nini, kisha humpangia siku ya kurudi. Nukta ikipanda kupita kiasi, aghalabu kinachosikika ni pongezi: huyu ana afya! Neno lenyewe tumeshaligeuza, maana kwa wengi wetu afya ni mashavu. Kadi ya ukuaji inaweza kuonyesha uzito uliozidi kama inavyoonyesha uzito pungufu. Sisi ndio tuliozoea kuisoma upande mmoja.

Mazoea hayo yana sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali waliozidi uzito ni asilimia 4 tu. Anayeuliza kwa nini tuhangaike na wanne wakati thelathini wako mlangoni hakosi hoja. Ila utafiti huohuo uliwakuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo wakiwa asilimia 36, kutoka asilimia 28 ya mwaka 2015/16. Haiwezekani wote hao walianza kunenepa siku ya harusi. Kuna mambo yanayoanza mapema zaidi, katika miaka ambayo huduma ya afya karibu haimwoni mtoto. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18. Baada ya hapo mahudhurio hupungua, na kadi inalala kabatini chini ya vyeti.

Njia rahisi ya kuziba pengo hilo ni kumwagiza muuguzi ashauri, au mwalimu afundishe. Zote mbili zimejaribiwa kwingine. Huko Melbourne, Australia, madaktari wa familia walipewa mafunzo ya kuwashauri wazazi wa watoto waliozidi uzito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha kuwa uzito wa watoto hao ulibadilika. Katika eneo la West Midlands, Uingereza, shule ziliongeza mazoezi na masomo ya mapishi kwa watoto wa miaka 6 na 7, na mwaka 2018 watafiti wakaripoti kuwa hapakuwa na tofauti ya maana. Sidhani kuna aliyezembea. Daktari ana dakika kumi, mwalimu ana kipindi kimoja, na baada yao mtoto anatoka getini anakuta meza: krispi, pipi, askrimu za rangi, juisi za pakiti, soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai.

Mji wa Somerville, Marekani, ulikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walifanya kazi pamoja na halmashauri, wapishi wa shule, migahawa, wazazi na madaktari wa mji huo, kisha wakawalinganisha watoto wake na wa miji mingine miwili. Mwaka wa kwanza wa masomo ulipokwisha, mtoto wa miaka 8 alikuwa ameepushwa karibu nusu kilo ya uzito wa ziada. Ni kidogo, na anayetaka kubeza abeze. Lakini ushauri wa peke yake haukuleta hata hicho.

Somerville si Temeke, nakubali. Hata hivyo, tunaye mtu wa kuanza naye: mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwapata 137,294 katika miaka mitano. Huyu anaingia nyumbani na anamjua mwenyekiti wa mtaa. Apewe kazi moja ya ziada, ya kushirikiana na zahanati kupima uzito na urefu wa wanafunzi mara mbili kwa mwaka, faragha na bila kusoma namba mbele ya darasa, maana utani wa "kibonge" ni adhabu tosha. Jumla ya matokeo, bila majina, ifike kwenye kamati ya shule. Mzigo upo, ila ni mzigo uleule wa kuwasaka waliodumaa na waliokonda. Mizani ni moja.

Wapo watakaosema mtoto ni wa mzazi, na mzazi ndiye aamue. Mzazi anayewahi daladala saa kumi na moja alfajiri anaacha shilingi mia tano mezani kwa sababu shuleni hakuna chakula, au hakitoshi. Uamuzi unabaki kwa mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele ya krispi. Wala sitaki mama anayeuza krispi getini afukuzwe, maana naye ana wanaomtegemea. Kamati ya shule inajua nani anapata kivuli cha mwembe pale getini na nani anakaa juani. Kivuli hicho wapewe wanaouza matunda, mihogo ya kuchemsha na maji, na huyo mama awe wa kwanza kuulizwa kama yuko tayari kubadilisha bidhaa.