Kuhusu Mbwa wa Skrini wa Ukunda

Ndugu mwandishi, katika makala yako umetueleza kwa ufasaha jinsi ambavyo katika viwanja vya mbio za mbwa kule Uingereza fedha za wachezaji hukusanywa fungu moja, mwenye kiwanja akakata ada yake kwanza, na kilichosalia kikagawanywa baina ya waliobahatika. Walakini sisi wa Kwale, tusio na kiwanja cha namna hiyo, mbwa tuwajuao ni wale sita wa kwenye skrini, wenye vizibao vya rangi na nambari, ambao vijana wetu wa bodaboda huwakodolea macho katika maduka ya kamari pale Ukunda.

Mbwa hao mshindi wao huchaguliwa na programu ya kompyuta, kwa hiyo elimu ya kuchunguza afya ya mnyama haimfai mtu hata chembe. Na ikiwa wote sita wana nafasi sawa, haki ya aliyeweka shilingi 100 akashinda ni kulipwa 600. Akilipwa 500, basi katika kila 600 zilizowekwa, kwa wastani 100 humbakia mwenye duka. Linalonitia hofu zaidi ni kasi: mbio za farasi katika uwanja wa Ngong, Nairobi, humwachia mtu muda wa kutafakari, ilhali mbio hizi za skrini hufuatana kwa dakika chache, hata mvuvi wa Gazi aliyeuza samaki wake asubuhi aweza kumaliza riziki ya watoto kabla ya adhuhuri.

Tafadhali, ndugu, waulize wenye maduka kwa nini kiasi wanachobakiza hakibandikwi ukutani.