Nani Anakaa Katikati ya Sebule?

Jamani, nimechoka na ule ushauri wa "weka kiti katikati ya spika, halafu furahia." Katikati gani? Mimi nakaa Umoja. Katikati ya sebule yetu kuna meza ya chai, na watu tumekaa kwenye makochi yaliyobanwa ukutani. Nenda Kayole au Buruburu, sebule nyingi utazikuta hivyo hivyo.

Fundi aliyetufungia spika tano na wufa alisimama pale kwenye meza, akabonyeza rimoti, akasema sauti iko sawa. Ilikuwa sawa kwake. Mimi naandika programu na ugonjwa huo naujua: mtu anajaribu kazi kwenye kompyuta yake tu, ikikubali anatangaza imekwisha.

Aliyeumia ni mama. Kochi lake lilikuwa nusu mita kutoka spika ya nyuma kushoto, na mita 3 kutoka spika ya kati, ambayo ndiyo hubeba maneno ya waigizaji. Kila filamu alisema hasikii maneno. Sisi tukaongeza sauti, mvua ya kwenye filamu ikazidi kumnyeshea sikioni. Tulifika mahali pa kumwambia akapimwe masikio!

Hebu tupige hesabu. Kuwa karibu mara sita, mahali pasipo kuta, ni kama desibeli 15 za ziada. Kuta za sebule hupunguza pengo hilo, haziliondoi. Tena sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita 2.5 za tofauti ni milisekunde 7 hivi. Ni kidogo, lakini sauti ileile ikitoka spika mbili, sikio hufuata iliyotangulia. Helmut Haas alilionyesha hilo mwaka 1949.

Dawa ilichukua nusu saa. Nilikaa pale anapokaa mama, nikapunguza spika za nyuma, nikaongeza ya kati desibeli 3. Ile ya kushoto nikaipandisha juu ukutani, isimwelekee, na kwenye menyu nikaandika umbali wake kutoka kwa mama ili mashine iicheleweshe. Za mbele nikazigeuza, kila moja ikitazama kochi la upande wa pili.

Ndugu yangu analalamika eti helikopta hazimzunguki kama zamani. Ni kweli, na sitazirudisha. Jumapili, tukitazama filamu, mama aliniambia nipunguze sauti.