Meza ya Watu Wanane, Mlaji Hayupo

Kwenye kicheni pati moja hapa Dar es Salaam, mama aliyepewa kipaza sauti amfunde bibi harusi alituambia kwamba nyumba isiyo na meza ya chakula ni geto. Vigelegele vikapasua ukumbi. Pazia likafunuliwa, na zawadi ya kamati ikaonekana: meza ya kioo na viti vinane vyenye migongo inayofika kisogoni, vyote vikiwa bado ndani ya nailoni. Mama akaongeza kwamba mume anayekula mezani harudi nyumbani amechelewa. Nilitazama waliokuwa wakipiga makofi. Wengine nawafahamu, waume zao nawafahamu, na meza zao nazifahamu pia.

Bibi harusi huyo anahamia chumba na sebule.

Imani hii, kwamba meza kubwa ya chakula ndiyo heshima ya nyumba, imetushika kooni, na mimi nina swali moja tu kwa kila anayeihubiri: nani anakula pale? Ingieni majumbani jioni bila kupiga simu kwanza. Juu ya meza mtakuta pasi, madaftari ya watoto, chaja tatu, bahasha za michango, lundo la nguo zilizoanuliwa na hazijakunjwa, na katikati chombo cha maua ya plastiki yenye vumbi la mwaka juzi. Baba yuko kwenye kochi, sahani mapajani, macho kwenye taarifa ya habari. Watoto wamekaa kwenye zulia. Mama anakula amesimama, akijifanya hana njaa. Dada wa kazi yuko jikoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Viti vinane viko wima vinatazamana.

Mtaniambia meza ni ya wageni. Wageni gani hao? Siku ya Idi au Krismasi wanakuja watu ishirini, na meza ya watu wanane haiwatoshi. Kinachofanyika mnakijua: viti vinasukumwa ukutani, mahotipoti yanapangwa mezani, kila mtu anajipakulia na kwenda kukaa kwenye kochi, kibarazani au nje chini ya mwembe. Mezani hakai mtu. Kwa kazi ya kubeba mahotipoti, meza ya kukunja ingetosha, na fedha iliyobaki ingelipa kodi ya pango.

Kuna jirani aliyenijibu kwa hoja aliyodhani imenimaliza. Hata Yesu alikula mezani, alisema, akaninyooshea kidole picha ya Karamu ya Mwisho iliyotundikwa juu ya seti yake ya meza na viti. Nilimtazama. Picha ile ni ya Leonardo da Vinci, Mwitaliano, aliyeichora miaka ya 1490 huko Milano, ukutani mwa bwalo la chakula la watawa. Aliwachorea mitume meza ndefu ya Kizungu ya zama zake na kuwapanga wote upande mmoja, kama wanaopigwa picha ya harusi. Wayahudi wa zama za Yesu walikula karamu wakiwa wamejinyoosha kando ya chakula na kuegemea kiwiko. Ndiyo maana Injili ya Yohana, sura ya 13, inamtaja mwanafunzi aliyekuwa kifuani pa Yesu. Jaribu kumwegemea mwenzako kifuani kwenye kiti chenye mgongo wa futi nne uone kama hutavunjika shingo.

Kwa upande wa Waislamu, hadithi ya Anas katika Bukhari inaeleza kwamba Mtume hakuwa akila mezani, bali kwenye kitandiko. Na pwani hii yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, watu wameheshimiana karne nyingi wakiwa wamekaa mkekani wakizunguka sinia moja, mdogo akimnawisha mkubwa. Leo mtu aliyelelewa kwenye sinia hilo, akishapata mshahara wa kwanza, anatangaza kwamba kula chini ni ushamba.

Sisemi watu wasinunue meza. Nunueni, lakini nunueni ya kulia. Ile ya kioo haikubali kuliwa: kila kidole kinaacha alama, kwa hiyo watoto wanafukuzwa. Ile ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mninga, nayo inaogopa maji. Mchuzi ukimwagika na kupenya kwenye ncha karatasi ilipobanduka, ubao unavimba na haurudi. Na tunaileta Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina maji! Baada ya hapo meza inafunikwa kitambaa, juu ya kitambaa nailoni, na amri inatolewa kwamba hapo pasiguswe. Meza ya chakula imepigwa marufuku kukaribiana na chakula.

Halafu kuna hesabu, ambayo kamati za sherehe hazijui. Meza ya watu wanane ina urefu wa karibu sentimita 240. Sebule ya futi kumi ina sentimita 305. Toa, gawa kwa mbili, zinabaki kama 30 kila upande, wakati mtu anahitaji karibu 90 ili avute kiti, akae na mwenzake apite nyuma yake. Hiyo ni kabla hamjaingiza makochi, friji na runinga. Mlaji mmoja anataka sentimita 60 za ukingo. Meza iwe na kimo cha 75 hivi na kiti 45, ili mapaja yapate nafasi. Pimeni chumba kwanza, kisha hesabuni wanaolala katika nyumba hiyo kila siku. Hiyo ndiyo idadi ya viti.

Mbao zipo. Mninga wa Tabora na Katavi haushambuliwi ovyo na wadudu, na msaji unapandwa hapa hapa, Mtibwa na Longuza. Keko kuna mafundi wanaojua kuunganisha mguu wa kiti kwa ulimi na tundu badala ya kupigilia misumari na kuombea. Keti, jiegemeze, jitikise. Kikilia, kiache. Ila na mafundi nao wana lao. Kuna mmoja, simtaji, alipokea malipo yangu ya awali, na tangu hapo mbao bado zinakauka, umeme umekatika, na shangazi yule yule amefariki mara mbili. Watu wanakimbilia meza za kontena kwa sababu kontena halifiwi. Mafundi wakikosa wateja wasilalamike kwa serikali.

Lakini fundi mchelewaji hajanikera kama mama yule wa kipaza sauti. Alizungumza karibu saa nzima juu ya heshima ya meza, na hakusema hata neno moja juu ya nani ataketi. Kwa hiyo bibi harusi, nisikilize mimi ambaye sikupewa kipaza sauti. Uza hicho kioo kabla hakijapata ufa. Nunua meza ndogo ya mbao, ya watu wanne, ambayo mchuzi ukimwagika unafuta na kuendelea kula. Usiivishe nailoni. Siku utakapomwajiri dada, chakula kikiiva, mwite aje akae, kisha muanze wote pamoja. Na atakayekuja hapo akaona aibu kula meza moja na mtu aliyempikia, mwache akale amesimama.