Imewaka, Haijazinduka

Taa ya mashine iking'aa na feni ikavuma, sote husema imewaka. Neno hilo liliniponza, nami nadai kwamba halitoshi.

Chama ninachokilea huhifadhi miswada yake kwenye seva iliyo katika tawi la mbali la chuo. Kwa hakika ni tarakilishi kuukuu ya mezani iliyopewa kazi ya seva. Haina kibodi wala skrini. Huingiwa kupitia mtandao tu. Umeme ulipokatika na kurudi, katika wiki ya kuwasilisha miswada kwa mchapishaji, nilimpigia bawabu simu.

"Mzee, imewaka?"

"Imewaka, mwalimu. Taa ya kijani naiona."

Hakusema uongo. Siku mbili tukaulaumu mtandao bure. Nilipofunga safari na kuchomeka skrini, nilikuta ujumbe kwamba kibodi haikuonekana, nibonyeze F1 ili kuendelea. Kitufe hicho kiko wapi kama si kwenye kibodi hiyo hiyo isiyokuwapo?

Chanzo chake ni cha kale. Kabla ya kupakia mfumo endeshi, tarakilishi hukagua vifaa vyake. IBM PC ya 1981 ilionyesha nambari 301 kibodi ilipokuwa na hitilafu. Waundaji walichukulia kwamba pana mtu mbele ya mashine. Tiba yenyewe ni nyepesi. Katika mipangilio ya BIOS huwapo kipengele cha kuchagua hitilafu zipi zisimamishe mashine: niliagiza zote isipokuwa ya kibodi. Kipengele kingine huamua mashine ifanye nini umeme ukirejea, nacho nilikirekebisha. Kisha nilichomoa kibodi, nikakata umeme na kuurudisha nikiwa papo hapo, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. (Mwenye diski iliyofungwa kwa nywila ana kizingiti cha ziada, kwani mashine itaisubiri nywila hiyo hadi itumwe kwa mtandao.)

Kosa la mipangilio lilikuwa langu. Siku mbili zilizopotea, hata hivyo, nazihesabu kwenye deni la istilahi. Kiingereza hutenga kupata umeme na kile kinachoitwa "boot", neno lililotokana na taswira ya mtu kujiinua kwa vikanda vya viatu vyake mwenyewe. Sisi tumeyatwika yote mawili kitenzi kimoja, waka. Nilifikiria amka, lakini hicho tunakihitaji kwa tarakilishi inayotoka katika hali ya kulala. Napendekeza zinduka: aliyezirai huzinduka mwenyewe, na akishindwa huzinduliwa, kwa hiyo mnyambuliko tayari unatofautisha seva inayojitegemea na ile inayongoja mkono wa mtu. Watakaoniambia kwamba kuzindua ni kwa vitabu na miradi wakumbuke kwamba maana hiyo nayo ilizaliwa juu ya nyingine.

Tungekuwa na vitenzi viwili, ningemwuliza mzee kama imewaka, na kama imezinduka ningejiuliza mwenyewe.