GEMU ZA UTOTONI, SIMU YA BABA

Ndugu yangu wa Sumbawanga, gemu uliziacha miaka mingi. Leo una mke na watoto, umezirudia kwenye simu. Sisemi kila mchezo ni haramu. Mtume ﷺ alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Lakini utotoni hela ikiisha, gemu imeisha, na mama anakuita nyumbani. Leo simu yako, bando lako. Nani atakuita?

Adhana. Baridi ya Ufipa mwezi wa 7 peke yake yatosha kukuzuia kitandani Alfajiri. Usiiongezee gemu ya saa 8 usiku. Ukiweka dau, hiyo ni kamari. Cheza, ila ukiitwa, itika. Allah atubarikie wakati wetu. Aamin.