Lugha ya Soko na Mambo ya Mbinguni

Yapo maneno ambayo husemwa mara nyingi hata watu wakasahau kuyapima. Mojawapo ni hili: kwamba Kiswahili ni lugha njema ya kununulia samaki na kusimamishia gari, lakini mtu akitaka kunena juu ya roho, haki, wakati au kifo, imempasa ahamie lugha nyingine. Neno hili lilianza kusemwa na waliosoma, wakalipokea wasiosoma, na leo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulitamka kana kwamba ni kanuni ya hesabu. Nia ya insha hii ni kulipinga. Lugha yenyewe haina moyo wa kuudhika, lakini kijana anao. Kijana aliyefundishwa kwamba fikira nzito hazikai katika maneno ya kila siku hujifunza pia, bila kuambiwa, kwamba maisha yake ya kila siku hayana fikira nzito. Hiyo ni hasara kubwa kuliko alama yoyote ya mtihani.

Tuanze na soko, kwa kuwa ndilo lililogeuzwa tusi. Mwuza sukari hupima kwa mizani, na mizani ndilo neno tulitumialo kwa matendo yatakayopimwa Siku ya Kiyama. Mwenye duka hutoa hesabu jioni, na mwanadamu, twaambiwa, atatoa hesabu ya umri wake. Mtu aliyeweka mali yake rehani huikomboa, na katika kitendo hicho Wakristo wamepata jina la Mkombozi. Mdai husamehe deni, na Mungu husamehe dhambi. Kitu kilichowekwa kwa jirani ili akitunze huitwa amana, na amana ni ndugu wa imani, amani na kuamini, maana yote yametoka katika shina moja la Kiarabu. Hata dini na deni, katika lugha yalikotoka, yana herufi za shina zile zile. Basi asemaye kwamba lugha ya soko haiwezi kunena habari za mbinguni hajasikiliza soko, wala hajasikiliza mahubiri.

Wala maneno haya si mapambo. Ukiyafuata yatakufikisha kwenye maswali mazito. Anayesamehe deni hupoteza mali yake mwenyewe. Je, dhambi inaposamehewa, ni nani apotezaye, na apoteza nini? Mtu aliyeibiwa aweza kumsamehe mwivi wake. Lakini mtu mwingine, ambaye hakuibiwa, akisema, "Mimi nimemsamehe," ametoa mali ya nani? Taifa linapoambiwa lisahau maovu yaliyopita, ni nani mwenye haki ya kutoa msamaha huo, wale waliofiwa au wale wenye vyeo? Maswali haya huwashughulisha wenye falsafa wa nchi zote. Nimeyauliza kwa maneno yanayojulikana na kila mama mwenye kibanda cha mboga, na sikuhitaji kuazima hata moja.

Hoja ya pili ya wapinzani wetu ni kwamba maneno mengi ya elimu katika Kiswahili ni ya kuazimwa. Ni kweli. Falsafa lilitoka Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani. Lakini neno la Kiingereza kwa elimu hiyo hiyo lilitoka kwa Wayunani hao hao. Jirani wawili walikopa katika duka moja. Kwa nini mmoja aitwe msomi na mwenziwe aitwe mwombaji? Cicero, katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, alifanya kazi ya kuileta falsafa ya Wayunani katika Kilatini, na ilimlazimu kuunda maneno mapya. Katika karne ya 9 mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walihamisha vitabu vya Kiyunani katika Kiarabu. Mwaka 1637 Mfaransa Descartes aliacha Kilatini cha walimu wake, akatoa kitabu chake cha njia ya kufikiri kwa Kifaransa, lugha ya watu wa kwao. Hakuna hata mmoja wao aliyengoja lugha yake ikamilike ndipo afikiri. Lugha zao zilikamilika kwa sababu walifikiri ndani yake.

Tena, si kila kilichomo katika Kiswahili ni cha kuazima. Descartes huyo alitia shaka katika kila kitu, akaona kwamba hawezi kutia shaka katika jambo moja, yaani kuwako kwake yeye aliye na shaka. Jaribu kulinena jambo hilo kwa Kiswahili, na mara sarufi itakusimamisha mlangoni. Utasema nipo, niko au nimo? Nipo ni mahali panapojulikana, niko ni mahali kusikobainika, nimo ni ndani ya kitu. Hakuna namna ya nne isiyogusa mahali. Yamkini lugha yetu inamwuliza mwanafalsafa swali ambalo Kifaransa hakikumwuliza: je, yaweza mtu kuwako pasipo kuwa mahali, mbali na dunia na mbali na wenziwe?

Angalia pia tusemavyo juu ya mali. Mswahili husema "nina shamba," yaani mimi ni pamoja na shamba. Kumiliki kwetu ni kuwa pamoja, na walio pamoja huachana. Angalia neno mtu. Ukibadili kiambishi chake wapata jitu, wapata kijitu, wapata utu. Na katika kubadili huko umekwisha kutoa hukumu juu ya tabia. Mwenye kusema "huyu si mtu" hakukusudia kwamba aliyetajwa ana mkia. Amesema kwamba kuzaliwa na sura ya binadamu hakutoshi, na hiyo ni kauli ya falsafa, iwe imesemwa darasani au kwenye foleni ya maji.

Wako waliokwisha kuiona hazina hii. Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu mwaka 1956 juu ya falsafa ya kuwako, akaijenga hoja yake juu ya ngeli za Kinyarwanda, lugha ambayo ni jamaa ya Kiswahili. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitaka majina mawili ya kuelezea wakati. Kitabu ni cha Kiingereza. Majina aliyoyachagua ni Sasa na Zamani. Wengi wamebishana naye tangu siku hizo, hasa kwa kusema kwake kwamba wakati ujao ulikuwa mfupi sana katika mawazo ya wazee wetu. Kijana anayeijua lugha yake aweza kuuingia ubishi huo akiwa na silaha mkononi. Aweza kuuliza: watu wenye kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, walizitajia nini siku hizo zote? Lakini ataulizaje, ikiwa ameaminishwa kwamba maneno hayo ni ya kupangia safari tu?

Hoja ya tatu hujivika vazi la ibada. Yasemwa kwamba mambo ya Mungu yana lugha zake. Sina ugomvi na Mwislamu asaliye kwa Kiarabu. Hiyo ni sharti ya sala yake, na lugha moja ya sala humwunganisha mtu wa Lamu na mtu wa nchi za mbali. Lakini kusali ni jambo moja na kufahamu ni jambo jingine, na wanazuoni wa pwani walilijua hilo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawafikia watu wake kwa Kiswahili juu ya dini, elimu na mwenendo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja, alitoa tafsiri ya Qurani nzima mwaka 1969. Kwa upande wa Wakristo, Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza mapema kazi ya kutafsiri, na Biblia nzima ya Muungano ikatoka mwaka 1952. Watu hawa walitofautiana katika mengi, lakini katika hili walikuwa shauri moja: imani isiyofahamika haiwezi kumwongoza mtu.

Nasi leo twafanya nini? Katika miji yetu mhubiri Mkenya husimama akahubiri kwa Kiingereza, na kando yake akasimama Mkenya mwingine kumfasiria kwa Kiswahili. Ilhali mhubiri, mfasiri na wasikilizaji wote wajua Kiswahili. Kiingereza hapo hakimfahamishi mtu neno lolote. Kazi yake ni kumpa mhubiri cheo. Dini inayohitaji kupandishwa cheo namna hiyo imekwisha kukiri kwamba haina uhakika na maneno yake.

Lakini nisiwapendeze mno wapenzi wa Kiswahili, maana nao wana kosa lao. Wengi hudhani kwamba kufikiri kwa Kiswahili ni kurundika methali. Methali ni ushahidi, hukumu bado. "Haraka haraka haina baraka," na "ngoja ngoja huumiza matumbo": zote mbili ni zetu, na kazi ya akili ni kujua lini tuifuate ipi. Mbaya zaidi ni zile kauli tunazozifanya maficho. Gari lisilo na breki huangusha abiria, na kabla damu haijakauka husikia mtu akisema, "Ajali haina kinga, ni kazi ya Mungu." Breki ni kinga. Kumtwika Mungu uzembe wa mwenye gari ni kumsingizia, na msingizio haugeuki ucha Mungu kwa kutamkwa kwa sauti ya huzuni. Wafiwa wanaolikubali neno hilo huzika haki yao pamoja na maiti wao. Ndiyo maana twahitaji falsafa katika lugha ya kila siku: kwa kuwa uongo unaotuua nao husemwa katika lugha ya kila siku.

Hoja ya mwisho ni ya tumbo. Kiingereza ni mkate, wasema, na Kiswahili ni heshima tu. Naam, na tujifunze Kiingereza, tukijue barabara, tusome vitabu vyake vyote tuwezavyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tena Wakenya walio wengi hawakunyonyeshwa Kiswahili. Walinyonyeshwa Kikamba, Kijaluo, Kikikuyu, Kitaita na nyinginezo, na yote niliyoyasema hapa yanazihusu lugha hizo pia. Ninachokataa ni mgawanyo ule wa kazi ambao huipa lugha moja amri na elimu, na kuziachia nyingine matusi, mzaha na ununuzi wa mboga. Nyumba yenye watu waliogawanywa hivyo haina amani, na kichwa kilichogawanywa hivyo hakina utulivu.

Tangu mwaka 2021, UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Ni jambo la fahari, lakini lugha haiishi kwa ngoma za siku moja. Kijana usomaye, chukua jambo moja unaloliamini kwa nguvu, la dini au la dunia. Lieleze kwa maneno utakayoyatumia leo jioni kwa bibi yako au kwa mwuza maziwa, bila kukimbilia istilahi ya kitabuni. Likieleweka, ni lako. Likikataa kueleweka, usiilaumu lugha upesi; huenda ukawa ulipewa amana iliyofungwa, nawe hujaifungua kuona kilichomo.