Kovu Limepona, Tumbo Bado

Ndugu wafanyakazi wa Kabingo na Mbarara,

Mwenzetu akipasuliwa kongosho, kidonda huweza kufunga huku tumbo likigoma: chakula hakishuki, anatapika, anawekewa mpira wa puani. Si uvivu, wala si uchawi. Madaktari wanaijua hali hiyo, na pengine majuma matatu hupita hajala chakula kigumu.

Sasa tazameni Sheria ya Ajira ya 2006. Mshahara kamili wa ugonjwa ni mwezi mmoja tu. Miezi miwili ikiisha, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha kazi. Haitoshi! Tunadai miezi mitatu katika mikataba yetu, na wenzetu wakimbizi wa Nakivale wahesabiwe pia. Nyapara anayeuliza "mbona kovu limepona?" aje kwanza amshikie mgonjwa beseni.